Mtwara hadi Ho Chi Minh City: umbali wa anga, muda halisi wa safari, na namna ya kuuhesabu kabla ya kukata tiketi

Mbanguaji wa Mikindani (mleta uzi)

Wanajamvi, nawasalimu nyote.

Kikundi chetu cha wabanguaji wadogo wa korosho hapa Mtwara kinajiandaa kupeleka wajumbe wachache Ho Chi Minh City, nchini Vietnam, wakajionee viwanda vya kubangua korosho. Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, na sehemu ya korosho ghafi inayopakiwa katika bandari yetu huishia huko, kwa hiyo umuhimu wa ziara haukubishaniwa na mtu. Kilichotugawa kikaoni ni swali lililoonekana jepesi: safari hiyo ina urefu gani, na inachukua muda gani? Mjumbe mmoja alisema saa tisa, mwingine saa kumi na nne, wa tatu akasema ni siku nzima, na kila mmoja alikuwa na simu mkononi inayomuunga mkono. Nimekaa na hesabu hizo nikaona kwamba wote watatu wako sahihi, ila kila mmoja anajibu swali lake. Naziandika hapa kwa kirefu kwa sababu naamini msafiri wa mikoa ya kusini huumia zaidi kuliko wengine anapochanganya umbali wa anga, muda wa kuwa angani na muda wa safari yote.

Nianze na umbali. Ukipima njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja wa ndege wa Mtwara hadi uwanja wa Tan Son Nhat wa Ho Chi Minh City ni takriban kilomita 7,700. Mstari huo ukiufuata kwenye tufe la dunia unatoka kwetu ukielekea mashariki na kaskazini kidogo, unapita baharini kusini mwa kisiwa cha Mahé huko Shelisheli, unavuka ikweta jirani na visiwa vya kusini kabisa vya Maldives, unapita baharini kaskazini mwa ncha ya kisiwa cha Sumatra bila kuigusa, unakatiza kusini mwa Thailand, kisha unavuka Ghuba ya Thailand na kufika. Karibu njia yote ni maji. Ndege kubwa ya kisasa huruka kwa kasi inayokaribia kilomita 900 kwa saa ikiwa kimo cha kilomita kumi hadi kumi na mbili, na ukiongeza muda wa kupaa, kushuka na kutembea uwanjani, safari ya moja kwa moja ingechukua kama saa tisa au tisa na nusu. Hapo ndipo anapopata hesabu yake yule aliyesema saa tisa.

Lakini ndege hiyo ya moja kwa moja haipo. Kutoka Mtwara ni lazima kwanza kwenda Dar es Salaam, kilomita kama 400 kuelekea kaskazini, halafu kupitia jiji jingine la kuunganishia. Nimejumlisha vipande vya njia kadhaa, nikianzia Mtwara. Kupitia Mumbai inafika takriban kilomita 8,800. Kupitia Dubai ni 10,000. Kupitia Doha ni 10,200. Kupitia Guangzhou ni 10,700. Na kupitia Istanbul ni kama 14,100, yaani karibu mara mbili ya njia iliyonyooka, kwa kuwa unapanda kwanza hadi Uturuki kisha unageuka kuelekea kusini-mashariki. Mtu akitazama takwimu hizo peke yake atachagua Mumbai bila kusita, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze kwa makini, kwa sababu kilomita chache hazimaanishi saa chache.

Chukulieni mfano wa njia ya Doha, kwa ratiba ya kukisia. Msafiri anaondoka Mtwara saa nne asubuhi na kutua Dar es Salaam saa tano na dakika kumi. Anaondoka Dar saa kumi na moja jioni, anafika Doha saa nne na dakika hamsini usiku, na kwa kuwa Qatar inatumia saa ileile ya Tanzania hakuna cha kurekebisha. Saa nane usiku anaondoka Doha, anaruka saa saba na dakika ishirini, anatua Vietnam. Saa ya Mtwara wakati huo ni tatu na dakika ishirini asubuhi, ila Vietnam iko mbele yetu kwa saa nne, kwa hiyo saa ya ukutani pale itasoma saa saba na dakika ishirini mchana. Muda wa kuwa ndani ya ndege ni saa 14 na dakika 20, na hapo ndipo anapotokea yule wa saa kumi na nne. Muda wote tangu kuondoka Mtwara ni saa 23 na dakika 20, na huyo ndiye mjumbe wa siku nzima. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni saa tisa kamili za kukaa viwanjani, nazo zinalingana na muda ambao ndege ya moja kwa moja ingeutumia kumaliza safari nzima.

Kuna jambo la saa ya tiketi ambalo nalisisitiza. Tiketi huandikwa kwa saa ishirini na nne na tarehe hubadilika usiku wa manane. Tiketi inayosema tarehe 15, 02:00, ina maana ya saa nane za usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo msafiri anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 14. Atakayejiandaa kwenda uwanjani usiku wa tarehe 15 atakuta ndege imeondoka karibu siku nzima kabla. Vilevile, ukichukua saa ya kufika ukatoa saa ya kuondoka bila kujali tofauti ya majira, safari ya kwenda itaonekana ndefu kwa saa nne zaidi na ya kurudi itaonekana fupi kwa saa nne, na zote mbili zitakuwa si kweli.

Ninaomba mawazo ya wenye uzoefu, hasa kuhusu njia ipi tuipendekeze na muda gani tuuache pale Dar es Salaam.

Mwalimu wa Jiografia, Lindi

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kuliweka jambo hili wazi. Naomba niongeze namna ya kupata umbali wenyewe, kwa sababu vijana wengi huupokea kutoka kwenye programu ya simu bila kujua unatoka wapi.

Njia fupi kati ya sehemu mbili za dunia ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Kwenye darasa lenye tufe, vuta uzi kati ya Mtwara na Ho Chi Minh City mpaka ukaze, na uzi utakuwa umejilaza kwenye njia hiyo. Kwa hesabu, unahitaji latitudo na longitudo za miji yote miwili. Mtwara iko latitudo 10.3 kusini na longitudo 40.2 mashariki, uwanja wa Tan Son Nhat uko 10.8 kaskazini na 106.7 mashariki. Zidisha saini za latitudo mbili, ukikumbuka kwamba latitudo ya kusini ni hasi. Kisha zidisha kosaini za latitudo hizo pamoja na kosaini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha majibu mawili, na utapata kosaini ya pembe iliyo kati ya miji hiyo kwenye kitovu cha dunia. Pembe hiyo inatoka digrii 69.4. Kila digrii ya duara kuu ina kilomita 111.2, hivyo jibu ni takriban kilomita 7,700, kama ulivyoandika. Wanamaji na marubani hupenda kuzidisha kwa 60 wakapata maili za baharini, kwa sababu dakika moja ya pembe ni maili moja, nayo ni sawa na kilomita 1.852.

Kwa safari hii mtu anaweza hata kufanya hesabu ya haraka kama vile ramani ni bapa. Tofauti ya longitudo ni kama digrii 66.5 na ya latitudo ni 21.1, ukitumia kanuni ya Pythagoras unapata digrii 69.8, na kosa halifiki kilomita 50. Inafaulu kwa sababu miji yote miwili iko karibu na ikweta, ambako mistari ya longitudo bado haijaanza kusogeleana sana. Msiipeleke kanuni hiyo kaskazini. Kati ya London na Tokyo itawapa zaidi ya kilomita 15,000, ilhali umbali wa kweli ni kama 9,600.

Jambo moja nililolihesabu mwenyewe na kunishangaza ni kwamba Dar es Salaam nayo iko kilomita zilezile 7,700 kutoka Ho Chi Minh City. Mtwara na Dar zimepangana kwa kiasi kikubwa kaskazini na kusini, na mji mnaouendea uko mashariki, kwa hiyo zile kilomita 400 za kwenda Dar haziwasogezi kuelekea Vietnam hata kidogo. Msafiri wa kutoka kwetu anapoketi kwenye kiti cha ndege ya kimataifa, tayari ametumia nusu siku na bado umbali uliobaki ni uleule aliokuwa nao alipoamka nyumbani.

Mkulima wa Newala

Kaka mleta uzi, na wewe mwalimu, shikamoo. Swali langu ni fupi. Kama umbali ni kilomita 7,700 tu, na korosho zetu zinakwenda huko kila msimu kwa meli, kwa nini hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja angalau kutoka Dar es Salaam? Je, ni kwa sababu ya bahari kubwa isiyo na mahali pa kutua?

Mbanguaji wa Mikindani

Kaka wa Newala, bahari si kizuizi. Kanuni za usafiri wa anga zinaitaka ndege yenye injini mbili isitoke nje ya muda uliowekwa kutoka uwanja ambao inaweza kuukimbilia injini moja ikizimika. Kwa Boeing 787 kibali kinafika hadi dakika 330, na juu ya mstari wetu kuna viwanja vya Shelisheli na Maldives, halafu Sri Lanka pembeni, kwa hiyo hata kibali kidogo zaidi ya hicho kingetosha. Uwezo wa kuruka pia upo. Air Tanzania ilipokea Boeing 787-8 yake ya kwanza mwaka 2018, na aina hiyo hufika zaidi ya kilomita 13,000 bila kujaza mafuta. Ndege hizo zinakwenda Guangzhou, ambako ni kilomita 8,700 kutoka Dar, mbali kuliko Ho Chi Minh City.

Kinachokosekana ni abiria. Ndege hiyo ina viti 262, na ili ipangiwe safari hata mara mbili kwa wiki wanahitajika watu zaidi ya elfu moja kila wiki ukihesabu kwenda na kurudi. Korosho ni mzigo mkubwa, ila unasafirishwa na watu wachache: wanunuzi hushiriki mnadani, magunia yanatoka ghalani kwenda bandarini, na meli inaondoka bila kuhitaji abiria. Guangzhou ina wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda na kurudi mwaka mzima. Doha na Dubai hukusanya abiria wachache kutoka kila mji wa Afrika na kuwajaza kwenye ndege moja ya kwenda Vietnam, na ndiyo maana tunaongezewa zaidi ya kilomita 2,000 za kupanda hadi Ghuba ya Uarabuni na kurudi chini.

Msafiri wa Masasi

Ndugu zangu, nimewahi kuipita njia ya Ghuba kwa shughuli za biashara na ninataka kuzungumzia safari ya kurudi, kwa sababu watu wengi huhesabu ya kwenda tu.

Kati ya Doha na Ho Chi Minh City ni karibu kilomita 6,000, lakini muda wa kwenda na wa kurudi haulingani. Kwenye kimo zinakoruka ndege kuna mkondo wa upepo wenye nguvu unaotoka magharibi kwenda mashariki, na katika miezi ya baridi ya kaskazini mkondo huo hushuka hadi juu ya Uarabuni na kaskazini mwa India. Anayekwenda Vietnam husukumwa nao; anayerudi hupambana nao, au rubani hulazimika kuukwepa. Kwa kawaida ratiba ya kurudi huwa ndefu kwa zaidi ya nusu saa. Anayeunganisha ndege pale Doha aangalie muda wa kusubiri wa kurudi peke yake, asidhani kwamba uliotosha kwenda utatosha kurudi.

Halafu kuna anga zinazofungwa. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na ndege zilizokuwa njiani zikageuzwa kwenda nchi nyingine. Ndege nyingi pia huikwepa anga ya Yemen, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtu kuona kwamba mstari wa kwenye kioo cha kiti chake haufanani na ule aliouchora kwenye tufe. Umbali wa duara kuu ni kiwango cha chini kabisa, na njia inayorukwa kweli huwa ndefu zaidi.

Mwisho, mwili. Saa nne za tofauti si nyingi kama za Marekani, lakini kwenda mashariki kunakata usiku wako. Mtu anayefika saa saba mchana wa kule hajalala usiku kamili, na jioni ya kule ikimtaka alale, mwili wake bado uko alasiri ya Mtwara. Msiwapeleke wajumbe kiwandani siku hiyohiyo.

Wakala wa Tiketi, Shangani

Habari zenu. Kazi yangu ni kukata tiketi, na napenda kumjibu mleta uzi kuhusu Mumbai na kuhusu muda wa Dar es Salaam, kwa kuwa hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Ni kweli kwamba njia ya Mumbai ndiyo fupi zaidi kwa kilomita. Air Tanzania inakwenda Mumbai tangu 2019, na kutoka Mumbai kuna ndege za kwenda Ho Chi Minh City. Tatizo ni kwamba safari za Dar kwenda Mumbai si za kila siku, na mara nyingi vipande hivyo viwili huwa tiketi mbili zisizojuana. Tiketi zikiwa mbili, begi haliandikiwi lebo hadi mwisho wa safari. Unalipokea Mumbai na kulikabidhi upya, jambo linalokulazimu kupita uhamiaji wa India ukiwa na viza yake. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako, kwa sababu kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Nimeona wateja wakiokoa kilomita elfu moja na zaidi kisha wakalala uwanjani wakisubiri kununua tiketi mpya. Tiketi moja inayofika mwisho wa safari, hata ikipitia Doha au Dubai, inampa msafiri haki ya kutafutiwa ndege nyingine anapochelewa kwa sababu isiyo yake.

Sasa Dar es Salaam. Kipande cha Mtwara kwenda Dar mara nyingi hukatwa peke yake, kwa hiyo hatari niliyoieleza inaanzia nyumbani. Ndege za ndani na za kimataifa hazitumii jengo moja pale Julius Nyerere. Za kimataifa ziko Jengo la Tatu, na mtu anahamia huko na mizigo yake. Mashirika mengi hufungua mapokezi ya abiria saa tatu kabla ya kuruka na kuyafunga saa moja kabla. Ndege ya kutoka Mtwara ikiahirishwa kutoka asubuhi hadi jioni, saa sita ulizoziacha zinakwisha zote. Ushauri wangu kwa kikundi kinachosafiri kwa fedha za wanachama ni kulala Dar usiku mmoja wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi hakuna ulazima, kwa sababu ukikosa ndege ya Mtwara kuna nyingine, na hata basi lipo.

Mama Korosho, Nachingwea

Wakala, nashukuru kwa maelezo. Ningependa kujua kama basi linafaa pia wakati wa kwenda, maana wengi wetu huku Nachingwea tumelizoea na nauli yake ni nafuu.

Wakala wa Tiketi, Shangani

Mama, linafaa ikiwa mtalala Dar es Salaam. Kwa barabara kutoka Mtwara ni kama kilomita 560, dhidi ya zile 400 za anga, na ni safari ya kutwa. Tangu Daraja la Mkapa likamilike mwaka 2003 hatungoji tena kivuko cha Rufiji, lakini wakati wa mvua barabara hii huweza kukatika. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipoharibu madaraja na makalavati upande wa Somanga, magari yalikwama pande zote mbili. Msimu wa masika ningewaombea siku mbili za ziada kabla ya ndege ya kimataifa. Miezi ya kiangazi siku moja inatosha.

Mbanguaji wa Mikindani

Nawashukuru sana, hasa mwalimu kwa ile hesabu ya Dar na Mtwara kuwa umbali sawa, kwa kuwa itawasaidia wajumbe kuelewa kwa nini kipande kinachoonekana kidogo kinakula muda mkubwa.

Nitakayoyapeleka kikaoni ni haya. Tutaomba tiketi moja kutoka Dar hadi Ho Chi Minh City kupitia Doha au Dubai, tutalinganisha muda wa kusubiri wa kwenda na wa kurudi badala ya kulinganisha kilomita, na wajumbe wataondoka Mtwara siku moja kabla ya ndege ya kimataifa. Kwa mpangilio huo, muda wa kuandika kwenye bajeti ni saa 47 na dakika 20 kutoka Mtwara hadi kutua, na ziara ya kiwanda itapangwa kuanzia siku inayofuata baada ya kufika. Wakala, nitakupigia simu wiki ijayo tukishapata idadi kamili ya wajumbe.